Sauti Nzito, Mkono Mwepesi

Juma lililopita mama mmoja alifika ofisini kwangu kuchukua cheti cha mtoto wake. Alipokwisha kukikunja na kukifunga katika pembe ya kitenge, hakuondoka. Akasema, "Karani, nina neno jingine. Huyu kaka yake amedunduliza fedha ya viazi msimu mzima, kisha amekwenda mjini kununua gitaa. Nimezihesabu nyuzi zake, ni nne. Magitaa niyaonayo mimi yana nyuzi sita. Je, hawakumpunja?"

"Hawakumpunja, mama," nikamjibu. "Hilo ni gitaa la besi. Nyuzi zake ni nne hizo hizo."

"Haya. Basi kama ni nne, si atajifunza upesi kuliko mwenye sita?"

Nilikaribia kucheka, nikajizuia, maana na mimi niliwaza hivyo hivyo nilipoanza. Wazo hilo liliniletea maumivu ya mkono, likaharibu kurasa kadha za daftari nililokabidhiwa, tena likamwondoa mzee wa watu katika nafasi yake bila mimi kujua. Nikamwahidi yule mama kwamba nitaandika habari hii gazetini, mwanawe asome, na vijana wengine wanaoanza nao wasome.

Kwanza tulijue gitaa lenyewe. Wapenzi wa muziki wa dansi huliita gitaa zito, nalo ni zito kweli, maana aghalabu hupata kilo nne hivi. Nyuzi zake, kuanzia ile nene, huitwa E, A, D na G. Ni majina yale yale ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, ila za besi hulia oktavu nzima chini yake. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde moja, lakini ule wa besi hutetemeka mara 41 tu. Ndiyo sababu nyuzi zake ni nene na ndefu. Katika magitaa mengi ya besi, sehemu ya uzi itetemekayo ina urefu wa sentimeta 86 hivi, na katika gitaa la kawaida ni 65 hivi. Yapo pia magitaa ya besi yenye nyuzi tano au sita, lakini anayeanza hana haja nayo.

Zamani kazi hii ya sauti ya chini ilifanywa na fidla kubwa inayosimama chini, yenye kimo cha mtu mzima. Wale waliosikiliza taarabu ya Unguja wanaifahamu, maana huko mpigaji husimama nyuma yake na kuidonoa kwa vidole. Chombo hicho kina sauti tamu, lakini ni shida kukisafirisha, na mbele ya ngoma na tarumbeta hakisikiki vema. Mwaka 1951, huko California, fundi mmoja aitwaye Leo Fender alianza kuuza gitaa la besi la umeme, lililovaliwa begani kwa mkanda. Akalilaza vijiti vya chuma shingoni, ndivyo wapigaji wanavyoviita freti, ili kidole kipate sauti sahihi bila kubahatisha. Akaliita Precision, maana yake usahihi. Kwa hiyo, kijana, kile ulichokishika kimetengenezwa kikusaidie kuwa sahihi. Hakikutengenezwa ili uoneshe nguvu zako, na hilo mimi nilichelewa kulitambua.

Mambo yalikuwa hivi. Mpiga besi wa kwaya yetu alipata kazi mkoa mwingine, na gitaa likabaki linaning'inia ukutani katika chumba cha vyombo. Mimi nilisoma solfa chuoni nilipokuwa najifunza ualimu, basi nikajiona nafaa. Nikalichukua. Kwa muda wa miezi miwili nilijifunza peke yangu Jumamosi mchana, saa tatu mfululizo, kisha nikaanza kupiga pamoja na wenzangu.

Amplifaya yetu ilikuwa ndogo, imewekwa sakafuni nyuma ya miguu yangu, na pembeni yangu zilikuwa ngoma. Nilijisikia kwa mbali sana. Nikafanya kama afanyavyo mtu asiyesikika: nikaongeza nguvu. Nikawa napiga nyuzi kama mtu apasuaye kuni. Kila nilivyozidi kupiga ndivyo zilivyozidi kugonga freti na kutoa mlio wa kijiko kwenye sufuria. Nikasema moyoni, gitaa hili ni bovu.

Baada ya majuma machache kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuuma. Nilikuwa nimekipinda kama kata ya kuchotea maji, na kazi yote ya saa tatu ilipita hapo. Nikadharau. Jumatatu moja Paroko alifungua daftari la ubatizo, akatazama ukurasa nilioujaza, akauliza, "Karani, siku hizi unaandika kwa mguu?" Alisema kwa mzaha, lakini mimi sikuona mzaha. Daftari lile hukaa miaka mingi kupita umri wangu. Mtoto aliyeandikwa leo atarudi baada ya miaka ishirini au arobaini kutafuta jina lake, jina la baba yake na tarehe yake. Akikuta herufi zisizosomeka, atahangaika kwa sababu ya mtu aliyetaka kupiga besi kwa kishindo. Nikaona haya.

Jambo la pili lilikuwa zito kupita hilo. Katika kwaya yetu yuko mzee mmoja, fundi cherehani, aliyeimba sauti ya nne zaidi ya miaka thelathini. Nafasi yake ni mwisho wa benchi, nayo ilikuwa mbele kabisa ya amplifaya yangu. Jumamosi moja hakuja mazoezini. Ya pili hakuja. Ya tatu nikaenda kumwona kibarazani pake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mbona hatukuoni mazoezini? U mgonjwa?"

Akaondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. "Mimi si mgonjwa," akasema. "Lakini siku hizi nikifumbua kinywa sijisikii. Mtu asiyejisikia hajui kama anaimba au anapiga miayo. Nikaona niwapishe vijana."

Hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza habari za nyumbani, akanipa kiti, akaendelea kushona. Nami nilirudi nimeinamisha kichwa. Kumbe amplifaya niliyoiona bubu ilikuwa inanipiga magotini, nami nikiwa nimesimama karibu nayo kupita kiasi, na nguvu yake yote ilimwangukia yeye aliyeketi mbele yake.

Hata hivyo kiburi hakifi siku moja. Nilichukua gitaa nikalipeleka mjini kwa fundi wa redio na amplifaya, ambaye naye ni mpiga besi. Nikamweleza kwamba nyuzi zinagonga, sauti haitoki. Akaliunganisha, akakaa juu ya kisanduku, akaligusa. Nasema akaligusa, maana vidole vyake vilikwenda polepole kama vya mtu apapasaye kitambaa dukani. Sauti iliyotoka ilijaza kibanda, nene, safi, bila mgongo hata mmoja. Akanirudishia, akasema, "Gitaa lako ni zima. Ugonjwa uko mikononi."

Njiani nikamkumbuka mwalimu wetu wa mwandiko chuoni. Alikuwa na desturi ya kupita nyuma yetu tukiandika ubaoni, na ghafla huivuta chaki kutoka vidoleni. Ikichomoka kwa urahisi, alipita kimya. Ikikwama, alisema, "Umeinyonga. Chaki iliyonyongwa haiandiki, inakwaruza." Miaka yote nimewafundisha watoto neno hilo, nami mwenyewe nilikuwa naminya uzi wa gitaa kama kamba ya ng'ombe.

Tangu siku ile nikaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Haya ninayoyaandika chini ni yale niliyoyapata kwa yule fundi na kwa mazoezi yangu mwenyewe. Kijana, yajaribu ukiwa na gitaa mapajani.

Kwanza, mkao. Ufupishe mkanda hata gitaa likae mahali pale pale, uwe umeketi au umesimama. Wengi huliacha lining'inie karibu na magoti kwa sababu wameona hivyo katika picha. Likiwa chini hivyo, vifundo vya mikono yote miwili hupindika, na maumivu huanzia hapo. Vifundo vinyooke kadiri iwezekanavyo. Kisha ulinganishe nyuzi kabla ya kupiga. Ziko programu za bure za simu zifanyazo kazi hiyo, lakini jifunze na njia ya sikio: bonyeza uzi wa E katika freti ya tano, utapata sauti ya uzi wa A ulio wazi. Freti ya tano ya A hutoa D, na ya tano ya D hutoa G.

Pili, mkono wa kulia. Kidole gumba kiegemee juu ya kile kisanduku cha sumaku kilicho chini ya nyuzi. Shahada na kidole cha kati vipige kwa zamu, kimoja baada ya kingine, kama miguu miwili itembeayo. Kidole kisiudonoe uzi kwenda juu, bali kipite na kutua juu ya uzi mnene ulio jirani. Ukipiga A, kidole chako kitapumzika juu ya E. Kwa njia hiyo sauti hutoka nene, na ule uzi wa jirani hunyamazishwa papo hapo. Kama sauti ni ndogo, geuza kitufe cha amplifaya, usiongeze nguvu ya kidole. Umeme haujui kuumwa kifundo.

Msidhani kwamba lazima vidole viwe viwili. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi mashuhuri za Motown huko Detroit miaka ya 1960, alitumia shahada moja tu ya mkono wa kulia, na wapiga besi wa ulimwengu mzima wamejifunza kwake. Bibi Carol Kaye wa Marekani yeye alitumia kijibamba kidogo cha plastiki. Naye alikuwa mpiga gitaa la kawaida. Mwaka 1963 mpiga besi mmoja hakufika studio, akaombwa ashike besi badala yake, na tangu hapo ikawa kazi yake kubwa. Mikono yao ilikuwa mbalimbali, lakini mapigo yao yalikuwa imara. Anayeanza na ashike njia moja kwanza, naye akiisha kuimarika ataijaribu nyingine.

Tatu, mkono wa kushoto. Hapa fanya jaribio dogo. Weka kidole juu ya uzi, nyuma tu ya freti, karibu nayo sana lakini si juu yake. Uguse bila kuubonyeza, kisha piga. Utasikia kishindo kikavu, tup. Endelea kupiga huku ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Sauti itaanza kukwaruza, kisha itakuwa safi. Hapo hapo simama. Nguvu hiyo ndiyo itakiwayo, na zaidi ya hiyo ni jasho la bure. Nilipojaribu mara ya kwanza nilistaajabu, maana nilikuwa nikitumia mara tatu ya nguvu hiyo. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo ya gitaa, kikiegemea tu. Kama waweza kukiondoa kwa dakika moja na sauti isikwaruze, mkono wako u mwema.

Nne, tumia solfa uliyonayo. Katika kwaya zetu vijana wengi husoma do, re, mi bila taabu, kisha wakishika gitaa hujiona hawajui kitu. Kumbe umbo lake ni moja tu. Weka kidole cha kati cha mkono wa kushoto katika freti ya tano ya uzi wa E, hiyo iwe do. Re iko freti ya saba ya uzi ule ule, kwa kidole cha mwisho. Nenda uzi wa A: mi ni freti ya nne kwa shahada, fa ni ya tano kwa kidole cha kati, so ni ya saba kwa kidole cha mwisho. Nenda uzi wa D: la ni freti ya nne kwa shahada, ti ni ya sita kwa kidole cha pete, na do ya juu ni ya saba kwa kidole cha mwisho. Basi. Wimbo ukipandishwa au ukishushwa, lisogeze umbo zima na kuliweka penye do mpya. Mimi nawashauri wenye mikono midogo waanzie freti ya tano kwenda mbele, kwa kuwa kule nafasi ni fupi. Karibu na kichwa cha gitaa freti zimeachana sana, na mkono mchanga hukakamaa kwa kuvutwa.

Tazama tena umbo hilo. Fa iko katika freti ile ile ya do, uzi wa pili. So iko freti mbili mbele ya fa. Nyimbo nyingi za kwetu husimama juu ya nguzo hizo tatu tu, do, fa na so. Anayeweza kwenda katika hizo tatu kwa wakati wake, bila kuchelewa wala kuwahi, amekwisha kuwa msaada kwa wenzake. Mapambo yatafuata.

Tano, wakati. Ofisini kwangu iko saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde ulio na mlio, nayo ndiyo mwalimu wangu. Jioni, watu wakiisha kwenda, nilikaa chini yake nikapiga uzi wa A ulio wazi, pigo moja kwa kila sekunde, dakika nne bila kubadili kitu. Msomaji atacheka. Lakini ajaribu. Dakika ya kwanza ni rahisi, ya pili mawazo hutanga, ya tatu vidole husahau zamu. Ukiisha kuzishinda dakika nne, piga mara mbili kwa sekunde. Kisha piga sekunde moja na kunyamaza moja. Zoezi hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nami nitaeleza kwa nini.

Nilipoona mkono umeanza kulegea, nilirudi kwa yule mzee cherehani. Nikamwomba aje jioni moja, mimi na yeye tu, aimbe sauti ya nne nami nimfuate. Nilihamisha amplifaya, nikaiweka juu ya kiti mbali kidogo na mimi, imenielekea usoni, ili mimi niwe mtu wa kwanza kuudhika kama ni kubwa. Akaimba ubeti mmoja. Akatikisa kichwa.

"Sasa najisikia," akasema. "Lakini bado wanikanyaga."

"Nakukanyaga wapi, mzee?"

"Pale ninapopumua. Mimi nafunga sauti nipate pumzi, wewe waendelea kuvuma. Umejua kuanza sauti, hujajua kuimaliza."

Wasomaji, chuoni sikufundishwa somo hilo, wala silikumbuki katika kitabu. Uzi wa besi ukiachwa hulia muda mrefu, na uzi wa jirani usioguswa huweza kuitikia wenyewe. Mkipiga mfululizo bila kuzima sauti, sauti ya kwanza hukutana na ya pili, ya pili na ya tatu, na mwisho wake ni uvumi kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali. Watu husema, "Besi ni kubwa mno," nao hupunguza kitufe, lakini ubaya haukuwa ukubwa. Ni kwamba hakuna sauti iliyofungwa.

Kuzima ni rahisi ukikumbuka. Kama umebonyeza, legeza kidole cha kushoto lakini kisiuache uzi. Kikibaki kinaugusa tu, sauti hufa. Kama uzi ulikuwa wazi, ulalie kwa vidole viwili vitatu vya mkono wa kushoto kwa pamoja. Na kidole gumba cha kulia, ukipiga nyuzi nyembamba, kishuke kutoka kwenye sumaku kiegemee uzi mnene, kiufunge kinywa. Yule mzee aliimba ule ubeti mara nane, nami kila alipopumua nilizima. Mara ya nane hakutikisa kichwa. Alisema tu kwamba giza limeingia, akachukua kofia yake.

Sita, muda wa mazoezi na maumivu. Saa tatu za Jumamosi ziliniumiza mkono, wala hazikunifundisha. Dakika ishirini kila siku zafaa kuliko hizo: tano za uzi wazi na saa ya ukutani, tano za do re mi kupanda na kushuka, kumi za wimbo mmoja ulio polepole kiasi cha kutokosea. Ukikosea, usiongeze mwendo, upunguze. Huku kwetu Njombe asubuhi za Juni na Julai vidole huwa kama vijiti. Vioshe kwa maji ya moto kwanza, ndipo ushike uzi. Ncha za vidole vya kushoto zitauma majuma mawili matatu, kisha ngozi itakuwa ngumu. Hayo ni maumivu ya kawaida. Lakini kifundo kikiuma, au mkono ukifa ganzi, au maumivu yakipanda kwenye kiwiko, weka gitaa chini siku ile ile. Pumzika siku kadha. Ukirudi na maumivu yakarudi, mwone daktari. Mimi nilipumzisha mkono wangu karibu mwezi mzima, na ilinibidi kumwomba mwalimu mmoja wa katekesi aniandikie daftarini. Usingoje kufika huko.

Mwisho, sikiliza kutoka mahali pa wasikilizaji. Washa simu inase sauti, uiweke kwenye benchi la nyuma, kisha upige na wenzako. Ukirudi nyumbani sikiliza kwa hedifoni, maana spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini, nawe utadhani hukupiga kitu. Mara ya kwanza utasononeka. Utasikia kwamba wawahi kila unapobadili nguzo, au kwamba hufuatani na mguu wa mpiga ngoma. Vema. Sasa una jambo la kurekebisha juma lijalo. Ngoma kubwa na besi ni kama watu wawili wabebao jeneza: wakipishana hatua, kila mtu huona.

Basi, mama wa viazi, jibu la swali lako ni hili. Mwanao hakupunjwa. Na hizo nyuzi nne zaweza kujifunzwa upesi kwa kiasi: katika miezi michache, akifanya dakika zake ishirini, atatembea katika do, fa na so bila aibu. Lakini kupiga hata wenzake wajisikie vizuri zaidi akiwapo kuliko asipokuwapo, hilo huchukua miaka, nami bado naliendea. Usimkemee kwa kelele. Ukiwa jikoni, sikiliza kama anaanza na kumaliza, au kama anavuma tu. Ukimsikia ananyamaza katikati ya wimbo kwa makusudi, ujue anaendelea vema, mpe chai.

Kuhusu yule mzee, hakuna mtu aliyemwita wala kumbembeleza. Jumamosi iliyofuata nilipokuwa nafungua mkoba wa gitaa nilimwona ameketi mwisho wa benchi, mahali pake pale pale. Ila alikuwa amelisogeza benchi hatua mbili mbali na amplifaya. Hakuondoa neno lake, na mimi sikumwuliza.

Tuonane juma lijalo.